Tupeane uzoefu: mlipofika nchi ngeni wawili, karatasi zilikuwa kwa nani?

Mama Kwaya

Wakuu, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kwa waliowahi kusafiri na mwenza wake kwenda nchi ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuikanyaga. Safari nzima siiulizii. Nataka yale masaa ya kwanza tu: mmeshuka, lugha hamuijui, na kitu kimoja kimekwenda kombo. Naanza mimi.

Januari 2019 tulikwenda Ethiopia. Mume wangu ni mwalimu wa kwaya, na tangu nimfahamu alikuwa akiyataja yale makanisa 11 ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba. Ndoto yake ilikuwa asikilize ibada ya Krismasi ya huko, wenyewe wanaiita Genna, inayoangukia tarehe 7 Januari. Tulidunduliza miaka mitatu. Mpango ulikuwa tulale Addis Ababa usiku mmoja, asubuhi yake turuke na ndege ya ndani inayoondoka saa nne.

Jioni ile tulipata dereva wa teksi, mtu mzima, mpole sana. Tuliongea naye Kiingereza cha kuokoteza, yeye na sisi. Mume wangu alitaka atufuate saa mbili asubuhi, akageuza kama tulivyofundishwa shuleni: saa mbili yetu, kwa Kiingereza ni nane. Akamwambia "kesho, nane", akamwonyesha na vidole nane. Dereva akahesabu vile vidole, akaitikia "ishi, ishi", yaani sawa, sawa. Tukaenda kulala.

Saa mbili kimya. Saa mbili na nusu kimya. Namba ya dereva iko kwenye simu ya mume wangu, tiketi zimo humo humo, na simu imezima, maana chaja yetu ya pini tatu bapa haikuingia kwenye soketi za hotelini. Simu yangu nilikuwa nimewaachia watoto nyumbani. Hata jina la yule dereva mimi sikulijua.

Tulipopata gari lingine na kupenya foleni mpaka kiwanjani, kaunta imeshafungwa. Ndege zilizofuata zilikuwa zimejaa watu wanaokwenda kuhiji, hakuna nafasi mpaka sikukuu ipite. Mume wangu akakaa kwenye benchi na begi mapajani, hakusema neno. Mimi nilisema mengi. Yale maneno ningeweza kuyarudisha leo, ningeyarudisha yote.

Kuna binti alikuwa anauza kahawa pale jirani. Alituuliza kulikoni, tukamweleza, akavua saa yake mkononi akatuwekea mezani atuonyeshe. Ndugu zangu, Waethiopia wanahesabu saa kama sisi! Jua likichomoza ndiyo wanaanza kuhesabu. Saa mbili asubuhi kwao ni "hulet", mbili, kama unavyomwambia mtu wa Mwanza. Laiti mume wangu angenyoosha vidole viwili tu, tungepanda ndege. Ile nane, dereva aliielewa saa nane mchana.

Na kweli, saa nane mchana kamili alikuwa getini kwa hoteli, gari limeoshwa linang'aa. Alipoelewa kilichotokea alishika kichwa kwa mikono miwili. Usiku wa kuamkia Genna alitupeleka kanisani kwao na familia yake, tukasimama na shuka jeupe tulilopewa na mkewe. Makasisi walipoanza kupiga kebero, ile ngoma yao kubwa, nilimwona mume wangu anahesabu mapigo kwa mguu. Asubuhi tulikula kwao. Walikuwa wametoka kwenye mfungo wa zaidi ya siku 40 bila nyama wala maziwa, na tonge la kwanza la doro wat, ule mchuzi mzito wa kuku na mayai, mama mwenye nyumba alitulisha kwa mkono wake mwenyewe.

Lalibela mume wangu hajaiona mpaka leo.

Nikikumbuka, naona kuchanganya saa kunaweza kumpata yeyote. Kilichotumaliza ni kwamba kila kitu kilikuwa kwa mtu mmoja. Na ninyi wenzangu, karatasi zilikuwa kwa nani?

Mtaa wa Kongo

Dada pole. Hiyo ya saa sikuwahi kuisikia, na nimepita Addis mara nyingi nikibadilisha ndege.

Sisi ilikuwa Guangzhou, Oktoba, mimi na mke wangu, mara ya kwanza kufuata mzigo wenyewe. Mimi ndiye niliyeshika kila kitu: anwani ya hoteli, namba ya mwenyeji wetu, mpaka picha za bidhaa, vyote kwenye WhatsApp. Tukatua, nikaunganisha intaneti ya kiwanja, WhatsApp haifunguki. Google nayo haifunguki. Laini ya nyumbani sikuwa nimeiunga huduma ya nje. Hakuna aliyeniambia kwamba kule mitandao hiyo imezuiwa na inabidi ujiandae kabla hujaondoka.

Jina la hoteli nililikumbuka, nikaliandika kwa herufi zetu. Dereva akalitazama, akampa mwenzake naye akalitazama, wakatupakia. Tulizunguka karibu saa nzima, tukashushwa kwenye hoteli yenye jina hilo hilo. Kumbe matawi yapo mengi mji mzima na tulipo siko. Nafasi hawana, ni kipindi cha Maonyesho ya Canton, yanafanyika Aprili na Oktoba na vyumba vinajaa mji mzima. Saa sita usiku, mvua, mabegi mawili matupu makubwa tuliyoyaleta kwa ajili ya mzigo.

Hapo mke wangu akafungua pochi akatoa kikadi. Shemeji yangu, dada yake, alishawahi kulala Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, miaka ya nyuma akarudi na kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina mbele na ramani nyuma. Alimpa mdogo wake siku ya kuaga, mbele yangu, na mimi nikasema haina haja, nina kila kitu kwenye simu. Dereva alisoma ile kadi mara moja, akawasha gari. Dakika 25 tukawa tumefika, na asubuhi tuliposhuka chini tukasikia Kiswahili mtaani.

Kwa anayekwenda: anwani iandikwe kwa herufi za Kichina, kwenye karatasi, nakala mbili. Na mkifikia kwa mtu binafsi badala ya hoteli, mnatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Hoteli hufanya yenyewe.

Mkunazini

Ya kwetu fupi. Maskati, fungate. Mume wangu ndiye aliyeshika pesa. Riali moja ni baisa 1,000 na inakaribia dola 2.6, lakini sisi macho yetu yamezoea noti za maelfu, ukiona 20 unaona chenji. Akampa dereva noti ya riali 20, akachukua mabegi, tukaingia ndani. Zaidi ya dola 50 kwa mwendo wa dakika kumi. Yule mzee akatufuata mpaka mapokezi, akasema kwa Kiswahili safi cha kwetu, "Mwanangu, hizi nyingi, nawe ndo kwanza waoa." Alizaliwa Unguja, wazee wake waliondoka naye mdogo baada ya 1964. Tulikaa naye pale mpaka adhana ya magharibi akituuliza habari za Malindi na Forodhani.

Bint Likoni

Asalaam alaykum. Nimesoma hapa nikalia, maana yangu sijawahi kuiandika.

Sisi hatukwenda kutembea. Nilimpeleka mzee wangu Chennai, India, kwa matibabu ya moyo. Kwa kuwa yeye ni mgonjwa, nikasema asibebeshwe kitu. Barua za hospitali, namba ya daktari, dawa, pesa, vyote vilikuwa kwenye mkoba wangu. Yeye alikuwa na pasipoti yake na kile kitabu cha njano cha chanjo, basi.

India yawatazama sana watu wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, na Kenya imo. Mzee alichanjwa zamani alipokuwa akifanya kazi melini, na tangu 2016 chanjo hiyo ikishachanjwa inatosha maisha yote. Mimi nilichanjwa siku sita kabla ya safari. Nilijua tu kwamba chanjo inatakikana. Sikujua kwamba cheti huanza kufanya kazi siku ya 10, na huku Mombasa hakuna aliyenihesabia siku, si aliyenichanja wala aliyenikatia tiketi.

Pale meza ya afya wakampitisha mzee, mimi wakanizuia. Nikaambiwa nitakaa karantini mpaka siku 10 zitimie, yaani siku nne. Nikawauliza mgonjwa wangu je? Keshavuka, yuko upande wa pili wa kioo, namuona amesimama na fimbo yake anitafuta.

Nilimwomba askari mmoja wa kike ampelekee ule mkoba. Hakukubali kuubeba bila kufunguliwa, na haki yake. Ukafunguliwa, ukakaguliwa dawa moja moja, ndipo akampelekea. Nikamwona mzee aupokea, hajui hata zipu ya barua ni ipi. Hajui Kitamil, Kihindi chake ni cha sinema. Siku zile nne sikulala. Walinitunza vizuri, nililala ndani ya chandarua. Nesi alinieleza kwa nini wanakazana vile: mbu wa kueneza homa hiyo kwao wapo tele, lakini ugonjwa wenyewe hawana, na mgonjwa mmoja akiingia akaumwa na mbu wale, basi. Nikaelewa. Lakini kuelewa hakukunipa usingizi.

Kadogo wa Maine

Bandugu, miye niko Mkongomani, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Siku ya kufika Amerika tulishukia Chicago, theluji, ndege ya kuunganisha imefutwa. Bwana yangu ndiye alishika ule mfuko mweupe wa IOM, lile shirika la wahamiaji, wenye makaratasi ya jamaa yote. Miye nikapeleka watoto wawili chooni, nikatokea mlango mwingine. Sikujua tunaenda mji gani, jina lake lilikuwa ndani ya mfuko. Nilichokumbuka ni zile herufi tatu. Nikamwendea mama mmoja wa kazi, nikaziandika kwa kidole ndani ya kiganja changu: I, O, M. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka pale wenye mifuko myeupe wanakaa. Bwana yangu alikuwa amesimama juu ya kiti, anaita jina la mtoto mkubwa.

Mtaa wa Kongo

Bint Likoni, hiyo ya siku 10 inabidi kila mtu aisome. Mdogo wangu anasafiri mwezi ujao na mkewe, nimemtumia sasa hivi. Wamepanga kuchanja wiki ya safari.

Bint Likoni

Mwambie aende kesho. Na kila mmoja ashike kitabu chake mwenyewe.

Mama Kwaya

Dada wa Likoni, samahani kukuuliza. Zile siku nne mzee alikuwa wapi?

Bint Likoni

Alikaa palepale kiwanjani mpaka usiku, akikataa kuondoka bila mimi. Kijana mmoja wa teksi akamwomba aone karatasi zake, akazitoa zote akazimwaga kitini, kijana akapata barua ya hospitali akampeleka mpaka mlangoni. Asubuhi hospitali wakapiga simu karantini nikaisikia sauti yake. Aliniuliza, "Umekula?"

Alifanyiwa upasuaji, tukarudi. Yuko barazani sasa hivi anakunywa kahawa, na kitabu cha njano kimo mfukoni mwa kanzu. Hakiachi hata akienda msikitini.