Mrejesho: Kompyuta za ofisi zilizokuwa zinachelewa kuwaka

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini kompyuta za ofisini, zote zikiwa chini ya seva moja, zinachelewa kuwaka, na ukishaweka nywila skrini inaganda.

Aliyesema nianze na DNS (huduma inayogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani za namba), ubarikiwe. Mashine zilikuwa zimeelekezwa 8.8.8.8 (DNS ya Google) badala ya anwani ya seva yetu, kwa hiyo Windows ilikuwa inaiulizia seva ya ndani huko nje, kwa watu wasioijua. Nilibadilisha kwenye DHCP (huduma inayozigawia mashine anwani na mipangilio ya mtandao), nikaandika ipconfig /renew kila mashine ili ichukue mipangilio mipya, na sasa kuingia ni fasta. Drayvu Z: (njia ya mkato ya folda ya kwenye seva) iliyokuwa bado inaitafuta seva tuliyokwisha kuing'oa nimeifuta pia.

Kuzima programu zinazojiwasha zenyewe kumesaidia kidogo tu. Zile mashine kuukuu hazijabadilika: Task Manager inaonyesha diski 100% hata kabla hujafungua kitu. Zina diski za kuzunguka na RAM ya GB 4, hapo ni SSD tu (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi). Nimeomba, nasubiri idhini.

Antivairasi sikuitoa, mlioshauri hivyo mnisamehe. Nimehamishia ukaguzi wake mchana, watu wakienda kula. Asanteni sana.