Wamepaka rangi nyeupe juu ya jinamizi langu, na salio langu la elfu 47 hawataki kutoa

Wadau, naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nikipayuka mahali mtanivumilia. Mimi ni mchoraji hapa Kisumu. Wengi wenu mmeshapita mbele ya kazi yangu bila kujua: vichwa vya vinyozi, kuku wa kuchoma ukutani, ngege mwenye macho makubwa kwenye vibanda vya samaki. Miaka kumi na minne nimekula kwa brashi. Sijawahi kuitwa wakala wa shetani mpaka Ijumaa iliyopita.

Kisa ni hiki. Shule moja ya kibinafsi (jina siliweki, wenyewe wanajijua) ilinipa ukuta wa nje wa chumba cha sanaa, mita nane kwa mbili na nusu. Mwalimu wa sanaa, ambaye sina neno naye kabisa, alitaka wanafunzi waone jinsi wachoraji wa zamani walivyochora ndoto. Nikapeleka mchoro wa penseli wenye sehemu nne, zote za ndoto mbaya, maana ndoto nzuri ukiichora inageuka kadi ya harusi. Naibu wa mwalimu mkuu akaupitia, akauliza tu kama rangi itastahimili mvua, akatia sahihi kila karatasi. Bei shilingi 72,000. Nikapewa 25,000 za vifaa, zilizobaki nikimaliza.

Nilimaliza kwa siku kumi na tisa. Ijumaa naenda kuchukua changu, nakuta vijana wawili na rola na ndoo ya rangi nyeupe ya maji, wameshafika sehemu ya tatu. Nauliza kuna nini, naambiwa nenda ofisini. Ofisini naambiwa wazazi wamelalamika, bodi imeketi, ukuta "una roho", mtoto wa darasa la tano ameota usiku akapiga mayowe, na shule haiwezi kulipia kazi ya kuzimu. Natoa zile karatasi zenye sahihi, naibu anatazama dirishani kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea.

Mtoto ameota! Kwani kabla sijaleta ndoo zangu watoto wa Kisumu walikuwa hawaoti?

Natoka getini hivi, nakuta matatu inapakia watoto wa shule hiyo hiyo kuwarudisha nyumbani. Ubavuni ina fuvu la kichwa lenye moto machoni, na mlango umekaa sawasawa kwenye meno. Watoto na sweta zao safi wanaingia mdomoni mwa fuvu mmoja mmoja, makanga anawahesabu. Hilo halina roho, si ndiyo? Hilo linalipwa kila mwisho wa mwezi.

Sasa tuongee kuhusu hiyo kazi ya kuzimu, kwa sababu niliichora nikijua nachora nini.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya Hieronymus Bosch, mchoraji wa Uholanzi aliyekufa 1516. Ndege mkubwa ameketi kwenye kiti kirefu, sufuria kichwani kama kofia, anameza watu. Watoto walikuja mapumziko wakacheka mpaka wakamwaga uji. Bosch alikuwa mwanachama wa chama cha kidini cha Bikira Maria mjini kwao, na picha zake zilikusanywa na mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania, mtu ambaye kwa Ukatoliki hakuna mjumbe wa bodi yenu angemfikia. Tuiache hiyo.

Ya pili ndiyo iliyowachoma wazazi, na ndiyo inayoniuma mimi zaidi. Kuna mchoraji Mjerumani, Matthias Grünewald. Kati ya 1512 na 1516 alichora picha za madhabahu kwa watawa wa Mtakatifu Antonio huko Isenheim. Leo ziko Colmar, Ufaransa. Watawa wale walikuwa wakiuguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antonio: ngozi inawaka, vidole vinakuwa vyeusi na kukatika, mgonjwa anaona mazingaombwe. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba chanzo ni kuvu inayoota kwenye nafaka ya rai, wakasaga na kuoka mkate nayo. Sisi tuliozika watu kwa sababu ya mahindi yenye aflatoksini 2004 hatuhitaji kuelezwa kuvu ya nafaka ni nini.

Basi Grünewald akamchora Antonio ameangushwa chini, mashetani wanamvuta nywele, mmoja ana mdomo wa ndege na rungu mkononi. Lakini pembeni chini, kushoto, ameweka kiumbe kimoja kimejaa majipu, tumbo limevimba, miguu ya chura, kichwa kimerudi nyuma. Huyo hapigi mtu. Anaumwa. Na upande wa pili kuna kikaratasi kilichochorwa kimeandikwa Kilatini, maana yake: Ulikuwa wapi, Yesu mwema, mbona hukuja kuniponya vidonda vyangu? Picha hiyo iliwekwa mbele ya wagonjwa na watawa wenyewe. Mgonjwa aliyekatika vidole akiinua macho anakutana na mtu aliyeoza kama yeye, tena amewekwa madhabahuni. Nilitumia siku nne kwenye yale majipu, nikichanganya kijani na njano na wekundu kidogo mpaka mlinzi akaniambia, "Fundi, hii inanuka." Nilifurahi kuliko kulipwa. Kumbe ndiyo malipo yenyewe.

Ya tatu ni jinamizi. Hapa naomba mnisikilize.

Mwaka baba alipofariki nilikabwa usiku mara tatu kwa wiki moja. Waliokabwa wanajua. Macho yako wazi, unaona dari, unaona neti, unasikia jirani akikohoa, lakini kidole hakisogei, na kuna kitu kimekukalia kifuani. Unaita, sauti haitoki. Nyanya yangu alisema ni mambo ya wale wanaokimbia usiku, majajuok, wanaotupa mchanga juu ya mabati. Halafu akaniambia nisilale chali. Siku hizi wanaosoma usingizi wanasema wakati wa ndoto mwili hufunga misuli ili usirushe mateke, na kuna siku akili inaamka kabla kufuli halijafunguliwa. Wanasema pia kulala chali kunaongeza. Nyanya hakwenda darasani hata siku moja.

Sasa Henry Fuseli, mzaliwa wa Zurich, alitawazwa mchungaji 1761 (mchungaji, naibu, mchungaji!) kabla hajahamia London kuchora. 1781 akachora mwanamke amelala chali, kichwa na mikono vinaning'inia nje ya kitanda, juu ya kifua chake kiumbe kifupi cha nywele kimechuchumaa kinatutazama sisi, na kati ya mapazia kichwa cha farasi kimejitokeza na macho meupe kama taa za gari. Akaionyesha London 1782, watu wakajazana, nakala zikachapwa na kuuzwa. Yule farasi ni mchezo wa maneno: kwa Kiingereza neno la jinamizi (nightmare) linafanana na la farasi jike (mare), ingawa asili yake ni jina la pepo anayewakalia watu usiku, si mnyama. Mzungu wa 1781, Mjaluo wa Seme, na wale wa Zanzibar waliokesha nje 1995 wakiogopa popobawa, pepo wa usiku, wote wamekaliwa kifua kilekile.

Mimi sikuweka farasi. Kisumu farasi ni wa nini? Niliweka kiboko. Aliyelala usiku karibu na Dunga anajua viboko hutoka majini kula nyasi, unasikia wanavyopumua upande wa pili wa ukuta. Kwa hivyo mwanamke wangu amelala kwenye kitanda cha mbao, neti ya buluu imefungwa fundo juu, na kichwa cha kiboko kimepasua neti, kinachuruzika maji kwenye shuka. Macho nilipiga rangi ya mafuta nyeupe, tabaka tatu, na nukta ya krimu mahali mwanga unapogonga. Yule wa kifuani nilimwacha giza tupu. Hana sura. Waliodai nimemchora shetani walimwona wapi?

Ya nne ilikuwa ya Goya, mchoraji wa Uhispania. Mnaijua hata kama hamjui jina: mtu amelala kichwa mezani, nyuma yake bundi na popo wanamiminika. Ni namba 43 katika chapa 80 alizotoa 1799, na maandishi yake yanasema usingizi wa akili huzaa majitu. Mzazi mmoja, nimeambiwa, alihesabu bundi. Wanne! Shuleni! Najua bundi kwetu ni nini, mimi pia bundi akilia juu ya paa nalala jicho moja wazi. Ila angesogea karibu, bundi mmoja ameshika kalamu anampa yule mtu aliyelala. Anamwambia amka uandike. Goya mwenyewe alipozeeka, kiziwi, alichora picha kumi na nne nyeusi kwenye plasta ya kuta za nyumba yake nje ya Madrid, moja wapo ikiwa ya Saturno, mungu wa Warumi wa kale, akimtafuna mwanawe. Hakuna aliyemwagiza wala aliyemlipa. Nilikuwa nikimhurumia. Sasa namwonea wivu, maana angalau ukuta ulikuwa wake, na baada ya kufa kwake watu waliona picha zina thamani wakazibandua ukutani na kuzihamishia kwenye turubai. Zangu zimekutana na rola.

Msidhani hii ya kupaka juu ya kazi ya mtu imeanzia hapa. Michelangelo, yule mchoraji wa Italia, alipochora Siku ya Hukumu ukutani kwa Papa, watu wakiwa uchi kama watakavyofufuka, ofisa mmoja wa Papa aitwaye Biagio da Cesena alilalamika kwamba hiyo inafaa bafuni na baa. Inasimuliwa kwamba Michelangelo alimchora Biagio kuzimu, na masikio ya punda, nyoka amemzunguka mwilini na kumng'ata pale pasiposemwa. Biagio akaenda kushtaki. Papa akamwambia kwamba kuzimu hana mamlaka nako. Masikio yale yako hadi leo. Baada ya Michelangelo kufa, mwaka 1565 wakamleta mwanafunzi wake, Daniele da Volterra, awavishe wale watu vitambaa, na kwa kazi hiyo maskini akabandikwa jina la mshona suruali mpaka kaburini. Naibu, nina kumbukumbu nzuri sana ya sura yako, na nina oda ya ukuta wa baa mwezi ujao. Fikiria.

NYONGEZA, Jumapili usiku:

Nimesoma majibu yenu yote. Wale wanaoniambia nikatubu, asanteni, leo nilikuwa kanisani, na pale ukutani kuna kalenda yenye joka la vichwa saba. Haikuletwa na mimi.

Aliyeuliza kwa nini nisingechora maua: shule ilitaka historia ya sanaa. Ukiondoa hofu kwenye historia ya sanaa unabaki na wafalme wenye soksi.

Wewe uliyesema watoto wadogo wanaogopa, hapo una hoja, sikatai. Darasa la kwanza hawakupaswa kupitishwa pale kila asubuhi, na mngeniambia ningeweka pazia au ningehamia ndani. Mazungumzo hayo yalikuwa ya kufanywa kabla ya sahihi. Na mtoto wa darasa la tano aliyeota, je, kuna aliyemuuliza ameota nini? Mwalimu wa sanaa alimuuliza. Aliota mama yake amezama ziwani. Ukutani kwangu hakuna mama wala ziwa.

Mwanasheria uliyenitumia ujumbe, Mungu akubariki. Nimeelewa kwamba Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi milioni moja na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inanipa haki ya kupinga kazi yangu kuharibiwa. Karatasi za sahihi ninazo, jumbe za M-Pesa ninazo, picha za kila hatua ziko kwenye simu. Kesho naandika barua ya madai.

NYONGEZA, Jumatano:

Mlinzi amenipigia. Mvua ya jana imepiga ule ukuta. Wale vijana walipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya rangi yangu ya mafuta, bila kupiga msasa, bila andakoti, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Fundi yeyote angewaambia. Imeanza kuvimba na kubanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Anasema upande wa kulia hakijatoka kitu, lakini katikati, juu kidogo ya usawa wa kichwa cha mtu, jicho moja la kiboko limeshatoka lote, na la pili limefika nusu. Watoto wanakuja kulitazama mapumziko.

Naibu amenitafuta simu mara mbili tangu saa nne. Najua anataka nini. Salio ni 47,000, kusugua na kupaka upya ni 18,000, na ya kwanza inatangulia.