Hereni za gramu 40, kutuma 8,000: wenzangu mnatumaje vizigo vyepesi mikoani?

mama_hereni

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo kwa wanaouza mtandaoni.

Natengeneza hereni na bangili za vitenge, nipo Tabata. Jozi moja nauza 8,000. Mteja wa Dar hanisumbui, boda anampelekea na analipa mwenyewe akipokea. Kazi ipo mikoani. Wiki iliyopita dada mmoja wa Sumbawanga kaagiza jozi mbili, 16,000. Nikafunga kwenye kiboksi changu kizuri, nikampa boda 3,000 hadi ofisi ya basi Shekilango. Pale wakasema mzigo mdogo wowote ni 5,000, iwe hereni, iwe mfuko wa unga. Jumla 8,000, yaani bei ya jozi nzima! Nikampigia mteja kumweleza, akanijibu, "Basi dada, acha tu." Kiboksi nimeshakifunga utepe.

Na si bei tu. Kuna mzigo wa Songea ulipitiliza hadi Mbinga, konda akawa hapokei simu siku mbili. Mteja alikuwa ananitumia alama za kuuliza tu kwenye WhatsApp, hana hata maneno.

Je, posta bado inafanya kazi hii? Mara yangu ya mwisho kuingia posta nilikuwa napeleka barua ya kuomba kazi, na kazi sikupata. Halafu kuna dada yupo Ujerumani anataka vilemba vitatu. Huyo ndiye sijui hata nianzie wapi.

kaka_mizigo

Tuma kwa basi tu dada. Ukitumia posta hereni zitapokelewa na mjukuu wa mteja 😂

karani_mstaafu

Kijana hapo juu ana utani mzuri. Mimi nimekaa kaunta miaka 26. Niliingia 1988, Posta na Simu zikiwa bado shirika moja, zikatenganishwa 1994, nikabaki upande wa stempu. Niwie radhi nikijibu kirefu, mstaafu ana muda.

Binti yangu, basi linauza nafasi kwenye buti. Kwa konda, hereni zako na mfuko wa unga ni kitu kimoja: anainama mara moja, anainuka mara moja. Posta inauza gramu. Mwenye mzigo mzito aende kwa konda, atapata nafuu. Mwenye mzigo mwepesi kama wewe anamlipia mwenye unga.

Ila ukifika kaunta, angalia mdomo wako. Ukisema "nataka kutuma kifurushi, kifike haraka," karani atakupa bei ya EMS, ile huduma ya posta ya haraka, na hajakosea, ndicho ulichoomba. Weka mzigo kwenye mizani kwanza, kisha uliza bei tatu za kitu hichohicho: barua ya rejista, kifurushi, EMS. Bei huonekana tofauti hapohapo, na wewe ndiye unayechagua. Wengi hawaulizi. Nimewaona watu wakilipia EMS vitu ambavyo mteja wala hakuwa na haraka navyo.

La pili, bei ya barua inapanda kwa ngazi za uzito. Ukipita ngazi kwa gramu mbili unalipa ngazi ya juu yote. Kwa hiyo nunua mizani ya jikoni, ile ya betri, na upime mzigo ukiwa umeshafungwa, si hereni peke yake. Nakuhakikishia hicho kiboksi chako kizuri kina uzito kuliko hereni zilizomo. Miaka ya tisini kulikuwa na bwana mmoja akituma kaseti za taarabu Muscat kwa ndugu zake. Karani mwenzangu akamwambia atoe kaseti kwenye makasha ya plastiki, azifunge kwa kipande cha kanga. Uzito ukapungua karibu nusu, na Muscat walifurahia ile kanga kuliko kaseti. Wewe una vipande vya vitenge bwerere chini ya cherehani. Vitumie, na bahasha ya khaki yenye vipovu ndani.

La tatu, usitume bila rejista. Jozi ya 8,000 unaweza kusema utabahatisha, lakini mteja akikwambia hajapata utamwonyesha nini? Kwa rejista unapewa namba ya kufuatilia mzigo, herufi na tarakimu jumla 13, inaanza na R na kuishia na TZ. Ya EMS inaanza na E. Tarakimu ya mwisho kabla ya TZ inatokana na hesabu ya zile nane zilizotangulia, ndiyo maana ukikosea moja mtambo unaikataa namba nzima. Wateja wakiona hivyo wanasema wametapeliwa na posta. Mpigie picha risiti umtumie, usimwandikie kwa mkono.

Kwenye bahasha andika S.L.P. kama anayo, na namba yake ya simu kwa herufi kubwa zinazosomeka. Barua nyingi nilizozirudisha zilikuwa na jina tu na "Sumbawanga Mjini." Sumbawanga Mjini kuna watu wangapi?

Na usiweke pesa ndani, hata noti moja ya kumrudishia chenji.

shanga_arusha

Shikamoo mzee, nimecheka hiyo ya kanga. Mimi niongezee ya Ujerumani, maana nauza mikufu ya shanga nje tangu 2019 na nimeshaungua vidole.

Dada, vilemba vitatu havifiki kilo. Kwa nje ya nchi kipeto kidogo kinaruhusiwa hadi kilo 2, upande mrefu usizidi sentimita 60, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi 90. Vilemba vikunjwe bapa kwenye bahasha, unakuwa ndani kabisa.

Kabla sijajua hayo nilikwenda kwenye kampuni moja ya kusafirisha kwa ndege. Mzigo wangu ulikuwa gramu 400 kwenye boksi la sentimita 30 kwa 20 kwa 15. Yule binti akapiga kikokotoo: 9,000 gawanya kwa 5,000, akaniambia mzigo wako ni kilo 1.8. Nikamwambia dada, pima tena. Akasema hapimi, wanahesabu ukubwa wa boksi. Nililipia hewa, jamani. Hewa ya Arusha hadi Rotterdam. Tangu siku hiyo boksi kwangu ni la keki.

Sasa karatasi. Utajaza fomu ndogo ya forodha ya kubandika, CN 22. Usiandike "nguo" tu. Andika kitu chenyewe, vingapi, uzito, bei. Na usiandike "zawadi" wakati umeuza, kwa sababu mteja ana risiti ya malipo kwenye simu yake na forodha wakimwita wataiona.

Mteja wako mwambie mapema kabisa: tangu Julai 1, 2021, nchi za Umoja wa Ulaya zilifuta msamaha wa VAT kwa bidhaa za chini ya yuro 22. Ujerumani VAT ni asilimia 19, na mara nyingi anayemfikishia mzigo anaongeza ada yake. Mimi sikumwambia mteja wangu. Alidaiwa mlangoni, akakataa kupokea, mkufu ukarudi Arusha baada ya miezi minne, na bahasha imepigwa mihuri hadi hapana nafasi. Mkufu ule nauvaa mwenyewe, sikuweza kuuza tena kitu kilichonizungusha hivyo.

Akijitokeza wa Marekani pia, uliza kwanza. Ule msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 ulifutwa tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zilisimamisha kupokea mizigo ya huko kwa muda. Usipokee pesa ya mteja kabla hujasimama kaunta na kuuliza kama wanapokea.

binti_likoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu wengi tunatumia ofisi za mabasi kwa Nairobi kwa sababu mteja apata kesho yake asubuhi. Lakini kwa vitu vidogo mimi hufanya hivi: siendi kila siku. Natangaza kabisa kuwa naposti Jumanne na Ijumaa. Nauli ya tuktuk nagawa kwa mizigo sita saba, siyo mmoja. Wewe hiyo 3,000 ya boda yakuumiza kuliko hiyo 5,000 ya basi, angalia vizuri. Na kama mteja hana sanduku, huku kuna M-Post, namba ya simu ndiyo inakuwa sanduku lake la posta, apata ujumbe barua ikifika.

mama_hereni

Nimerudi na majibu, wiki tatu baadaye. Samahani kwa ukimya.

Mzee, shikamoo. Nilipima kama ulivyosema. Hereni jozi mbili gramu 38. Kiboksi peke yake, na utepe na kadi yangu ya "asante mpenzi," gramu 96! Nilikaa chini. Sasa natumia bahasha na kipande cha kitenge, mzigo wote gramu 61. Kadi nimeibakiza, ila nimeikata nusu.

Nilienda posta ya karibu kwa daladala, nikauliza bei tatu kama mtoto aliyetumwa dukani na karatasi. Karani akatabasamu akaniuliza nani kanifundisha. Rejista ilikuwa chini ya nusu ya nilichokuwa namlipa konda, bila boda. Binti wa Likoni, nimekuiga, sasa ni Jumatatu na Alhamisi, na wateja wameelewa kuliko nilivyodhani. Wa haraka bado nawapeleka Shekilango na wanalipa wenyewe, sibishani nao.

Dada wa Ujerumani nimemweleza habari ya VAT kabla hajalipa. Akasema anaijua, alikuwa anangoja aone kama nitamwambia. Kaongeza cha nne.

Na yule wa Sumbawanga nilimbembeleza, akakubali kujaribu. Kapata siku ya sita. Kanitumia picha amezivaa, kapendeza kweli, nikaikuza niiposti kwenye ukurasa wangu, ndipo nikaona sikio la kulia lina kitenge cha bluu na la kushoto cha kijani. Nilichanganya jozi wakati napima pima. Yeye kasema hakugundua, anadhani ndiyo mtindo. Sijamwambia bado.