Mkataba kabla ya ndoa: mahakama ikiuweka pembeni, imekosea?

Wadau wa Kusini, naleta mada. Binamu yangu wa Newala ameachana na mumewe baada ya miaka kumi na moja. Mume alikuwa na karatasi: kabla ya ndoa walisaini kwamba shamba la mikorosho ni lake, wakiachana mke hadai kitu. Mahakama imeiweka pembeni na kumpa mke sehemu. Tangu hapo kijiweni hapakaliki: "Si alisaini mwenyewe?"

Nilikuwepo anasaini. Alhamisi, ndoa Jumamosi. Alikuwa kwa fundi anajaribu gauni, pini bado zimo kiunoni. Maturubai yameshalipiwa, wageni wa Masasi wako njiani. Karatasi nne za Kiingereza, lugha asiyoijua. Akaonyeshwa pa kuweka sahihi, akasaini ameinamia cherehani. Hiari iko wapi hapo?

Halafu lile shamba alilikuta limekuwa pori. Kila msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, alikuwepo kwenye kupulizia, kitenge puani, macho mekundu hadi usiku. Palizi yeye, kuokota yeye. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiishii kwenye mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Hata ya kabla ya ndoa, mwenza akiiendeleza kwa kiasi kikubwa, inaingia kwenye mgawanyo. Na mchango si fedha tu. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango.

Mdau wa Tandahimba: Pole kwa binamu yako, dada. Ila mikorosho yangu nimeachiwa na mjomba, ni ya ukoo wa mama. Nikiachana igawanywe, wajomba nitawaambia nini? Mkataba ndiyo kinga yangu, na mahakama ikiutupa sina pa kushika.

Mleta mada: Kaka, hofu yako naielewa, na mkataba siupingi. Uandike kwa Kiswahili, miezi kabla ya harusi, taja mali zako zote, mwenzio naye apate mtu wake wa kumshauri. Jirani zetu Kenya, sheria yao ya mali za wanandoa ya 2013 inaikubali mikataba hii, lakini mahakama inaweza kuitengua ikikuta udanganyifu, shinikizo au dhuluma ya wazi. Uingereza nako, Mahakama ya Juu mwaka 2010, kesi ya Radmacher, ilisema mkataba upewe uzito iwapo kila mmoja aliuingia kwa hiari akijua maana yake, ila si pale ambapo kuushikilia ni kumwonea mmoja wao. Kote huko sahihi peke yake haitoshi.

Sasa nijibu hili: mkeo akiipulizia hiyo mikorosho ya wajomba miaka kumi na moja, kwenye karatasi yako umemwandikia nini?