Msaada: nataka kuchora kwa CAD (programu za kuchorea kwenye kompyuta) ile suti ya chuma ya Edge of Tomorrow halafu niivae kabisa

MtotoWaTabata:
Wakuu habari za wakati huu. Kuna kitu kimenikaa kichwani siku nyingi, ile suti ya vyuma aliyovaa Tom Cruise na Emily Blunt kwenye Edge of Tomorrow, movie ya 2014 (mimi niliiona banda la video ikiwa imetafsiriwa, kwa hiyo mpaka leo Tom Cruise kwangu anaongea Kiswahili cha yule jamaa anayetafsiri). Nataka nitengeneze ya kwangu saizi ya mtu, nivae, na Mungu akipenda niende nayo Naiccon, lile tamasha la wapenzi wa komiki na movie pale Nairobi. Sitaki mota wala betri, sitaki inyanyue mzigo wowote, nataka mtu akiiona aseme ndio yenyewe, na mimi niweze kutembea, kupanda ngazi na kukaa kwenye kiti kama binadamu.

Hali yangu: CAD najua kiasi, nachora mabano na maboksi ya umeme kazini. Laptopu ina RAM 8. Fundi wa kuchomelea ninaye mtaani, kuna jamaa ana mashine ya leza inakata plaiwudi, na printa ya 3D napata ya kulipia kwa gramu. Skrinshoti nimekusanya za kutosha na nimeshaanza kuchora bega la kulia maana ndio lina mvuto, nimeweka mpaka bolti na lile bunduki la begani, ila kila nikitaka kuliunganisha na mgongo naona mambo hayakutani. Sasa nauliza: nitumie programu gani, niunde kwa chuma au nini, na vipimo vya ukweli mtu anavitoa wapi wakati michoro yao hatuna? Natanguliza shukrani. Wale wa "tafuta hela kwanza" naomba mpite kimya kimya.

Kibatari:
Nimejaribu kupita kimya nimeshindwa 😂😂 hela ya vyuma vyote hivyo si unaanzia bodaboda mkuu. Ila haya bwana, ukimaliza tupia picha, na mpaka wa Namanga usipite umevaa, utaulizwa maswali hadi basi likuache.

Spana13:
Mpuuzeni Kibatari. Mkuu, kabla ya programu ongelea uzito, maana hapo ndipo suti nyingi zinaishia stoo. Zile za kwenye movie zenyewe zilikuwa kwenye kilo 38 hivi kwa wastani, na zilizobeba silaha kubwa zilipita 50, tena kati ya shoti na shoti waigizaji walikuwa wananing'inizwa na minyororo kwenye fremu maalumu ili wapumzike bila kuvua. Wewe pale ukumbini nani atakuning'iniza?

Sasa piga hesabu. Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, unene 1.5, likiwa la chuma mita moja ni kama kilo 1.1. La aluminiamu saizi hiyohiyo ni kama gramu 380. Suti nzima ikila mita 12 za bomba, ya chuma ni zaidi ya kilo 13, ya aluminiamu haifiki 5, na hapo hujaweka bolti, mkanda, viatu wala urembo. Kwa hiyo fundi wako wa kuchomelea mwambie apumzike, aluminiamu inataka mashine ya kuchomelea ya TIG na mkono ulioizoea, na hata ukimpata huyo mtu bado mimi ningekushauri ufunge kwa bolti na riveti tu maana utataka kubadilisha badilisha. Nenda kwa wale mafundi wa madirisha ya aluminiamu, vipande vinavyobaki wanakuuzia bei ya kuelewana, na paja lako halihitaji bomba la mita sita.

Mengine yote unayoona kama chuma kwenye skrini, yale mapande ya kifuani na begani na bunduki lenyewe, fanya sponji ya EVA au plastiki. Wala usione unadanganya, hao wenyewe ndio mabingwa wa kudanganya. Kwenye Aliens ya 1986 lile dude la kubebea mizigo alilovaa Sigourney Weaver, kulikuwa na mtu mwingine amejificha nyuma yake ndani ya dude ndiye anayelisogeza, na mpaka leo watu bado wanalisifia.

MwanaMekanika:
Spana kamaliza la uzito, mimi niseme la mchoro. Mkuu acha hilo bega, lifungie kwenye folda yake ulisahau kwa muda. Umeanzia sehemu ngumu kuliko zote na ndio maana hayakutani. Suti ya namna hii unaichora kuanzia kwenye mwili wa atakayeivaa, tena sio umbo la mwili, ni vile vituo ambapo mwili unajikunja. Chora mstari wa paja, mstari wa mguu wa chini, mstari wa mgongo, na duara dogo kila mahali panapokunja, basi. Hiyo ndio faili yako ya kwanza na usiweke bomba hata moja humo.

Nyonga ndio inawapoteza wengi. Watu wanaweka bawaba usawa wa mkanda wa suruali kwa sababu ndipo kwenye mkanda wa kufungia, wakati jointi yenyewe iko chini zaidi. Simama, weka vidole ubavuni mwa nyonga, karibu kiganja kizima chini ya ule mfupa unaoshika mkanda, halafu nyanyua goti taratibu. Utasikia kifupa kikubwa kinacheza chini ya vidole, hapo weka alama ya peni. Tuseme wewe umeweka bawaba sentimita 10 juu ya hapo. Ukisimama kila kitu kinakaa sawa na unajipiga selfi umefurahi. Ukikaa, paja la suti linakuwa limezungukia kituo chake na paja lako limezungukia cha kwako, goti la suti linajikuta sentimita 10 mbele ya goti lako na sentimita 10 juu yake. Kwa kuwa umelifunga na mikanda, ama mkanda unakatika ama fremu inakung'ata. Hapo hakuna programu itakayokuokoa.

Goti ni rahisi, bawaba moja inatosha, pembeni pale kwenye kifupa kinachotokeza. Kifundo cha mguu vilevile. Nyonga ingekuwa vizuri iwe na bawaba mbili, moja ya kwenda mbele na nyuma, nyingine nyuma ya kiuno ya kuruhusu mguu utanuke, la sivyo utatembea kama bata na kwenye ngazi utaomba msaada.

Bega sasa. Ukinyanyua mkono mpaka juu, nyuzi 180, kama 120 zinatoka kwenye jointi ya bega lenyewe na 60 zinatoka kwenye bapa la mgongoni linalozunguka, maana yake kituo cha bega kinahama wakati mkono unapanda. Bawaba moja iliyogandishwa haiwezi kukifuata. Weka mbili zilizosimama wima zinazofuatana kwenye bamba la mgongo, ili kipande cha bega kiweze kuelea kwenda ndani na nje, halafu ya tatu ubavuni ya kunyanyulia mkono. Na usizungushie mkono wa juu pete, uache wazi, mkono ushikwe kwa mkanda mmoja tu chini ya kiwiko. Ukifanya hivyo utaweza hata kujikuna pua.

Programu: RAM 8 unaweza kuhangaika na Fusion lakini itakuchosha, na leseni yake ya bure inaruhusu faili 10 tu za kuhariri kwa wakati mmoja, suti ina vipande vingi. Mimi ningeenda FreeCAD, ya bure moja kwa moja, inafanya kazi bila intaneti, na tangu toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 ina sehemu yake ya kuunganisha vipande ambapo unawekea jointi ya kuzunguka na kuiburuta kwa mausi uone inavyokunja. Vipimo vyako vyote viweke kwenye spredishiti ya humohumo ndani na mchoro usome huko. Ukigundua paja ulipima vibaya unabadilisha namba moja, suti nzima inajipanga. Kunja goti mpaka nyuzi 100 na nyonga 100, ukiona bomba limepita ndani ya bomba lingine rekebisha hapo kwenye kioo, ni bure.

Kuhusu vipimo vya movie, usitafute sentimita zao, tafuta uwiano. Chagua picha iliyopigwa kutoka mbali, mtu akiwa ubavu kabisa, kwa sababu kamera ikiwa karibu kilicho mbele kinavimba na utachora bega la jitu. Iweke nyuma ya mchoro, halafu jiulize fremu ya paja imeishia wapi ukilinganisha na goti la mwigizaji, bomba ni nene kiasi gani ukilinganisha na kidole cha glovu. Uwiano huo ndio unauhamishia kwenye mwili wako. Wewe sio Tom Cruise, ukichukua namba zake magoti yatakukataa.

MtotoWaTabata:
Aisee @MwanaMekanika nimeenda kujipima nyonga na peni hapahapa, kweli iko chini balaa, mimi kwenye mchoro nilikuwa nimeiweka kwenye mkanda. Bega nimelifungia. Asante sana @Spana13 pia.

Swali jingine, kwenye hizo bawaba napitisha bolti tupu au? Na vipande vya kuprinti nitumie plastiki gani, jamaa wa printa anasema yeye ana PLA tu. Halafu hii kitu inabidi ipakiwe kwenye buti ya basi Dar hadi Nairobi.

DadaSponji:
Sasa @MtotoWaTabata, niko Nairobi na hizi vitu ndio nafanya wikendi zangu zote, mume wangu ameshachoka na sponji kwa sitting room.

Bolti tupu kwa aluminiamu itakula shimo, baada ya muda mfupi goti linaanza kuyumba na kupiga kelele. Nunua beringi za 608, zile za skateboard, shimo ndani 8, nje 22, unene 7, ni bei rahisi na ziko kila mahali. Bolti ya M8 (nene milimita 8), weka washa, kile kiduara cha chuma, katikati ya vipande, na nati ile ya kuwa na nailoni ndani, usikaze mpaka mwisho, kaza hadi jointi iwache kucheza na isimame hapo. Nyumba ya beringi ndio uprinti, na kwa faili weka shimo kubwa kidogo kuliko 22, kama milimita 0.2 au 0.3, lakini kwanza mwambie huyo jamaa aprinti pete moja peke yake ujaribu, kila printa ina tabia yake. Kitanda cha printa nyingi za watu ni milimita 220 kwa 220, kwa hivyo kitu ndefu igawanye ukiwa bado kwa CAD na uiwekee vijiti vya kushikanisha.

PLA ni sawa kwa urembo ila inalainika ukikaribia nyuzi 60. Ukiiwacha kwa gari imefungwa jua la saa saba utapata imejikunja. Nyumba za beringi na kitu chochote kinashika uzito fanya PETG, ni plastiki nyingine ya kuprinti, inavumilia joto zaidi.

Mzigo wote ukae kwa nyonga na sio mabega. Tafuta mkanda wa kiunoni wa lile begi kubwa la wapanda mlima, mitumba ya Gikomba ninaipata mara kwa mara, nadhani hata huko kwenu haikosi. Fremu ya mgongo ishikane na huo mkanda, mikanda ya mabega iwe tu ya kuzuia isianguke nyuma.

Sponji: gundi ya mafundi viatu, paka pande zote mbili, ngoja ikauke mpaka isishike kidole, ndio ubandike, na ufungue madirisha maana hiyo harufu si mchezo. Kabla ya rangi pitisha joto juu ya sponji hadi uso wake ufunge na ung'ae kidogo, la sivyo itakunywa rangi yote. Msingi mweusi, halafu fedha kwa brashi iliyo karibu kukauka kwenye kingo pekee, pale chuma ya kweli ingekwaruzika. Kwa basi, gawanya vipande sita: mgongo na kiuno, mikono miwili, miguu miwili, bunduki. Hapo kwa kuunganisha usiweke nati, weka pini za kuchomeka zenye kamba ili zisipotee.

Kibatari:
Dada unaongea kama bei zote ziko sawa 😂 ila hapo kwa pini nimekuelewa.

Spana13:
Nyongeza moja. Kabla hujanunua hata kipande cha aluminiamu, peleka miguu yote miwili kwa yule jamaa wa leza aikate kwenye plaiwudi ya milimita 6 kutoka kwenye faili ya DXF (mchoro bapa ambao mashine ya leza inausoma), funga na bolti, vaa, panda ngazi, kaa. Leza inakula kidogo kwenye ukingo, kwa hiyo mashimo yatatoka makubwa kuliko ulivyochora, muulize kabla. Plaiwudi ikigoma umepoteza ubao tu.

MtotoWaTabata:
Poa, naanza na mguu wa kulia. Paja sentimita 43, goti hadi unyayo 50, nimeshaweka kwenye spredishiti. @MwanaMekanika hiyo 50 nipime na kiatu au bila?

MwanaMekanika:
Na kiatu utakachovaa siku hiyo. Kama ni buti lenye soli nene, lifunge kabisa kamba ndio upime.