Mtoto amefaulu kipimo cha sikio, kwa nini apimwe tena kwa waya kichwani?

Baba wa Kwanza aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, salamu. Mwanangu alizaliwa akiwa ametimiza miezi, lakini alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, akalazwa katika chumba cha uangalizi maalumu na kupozwa mwili kwa saa 72. Leo ana siku 9, na bado anapewa fenobarbitali kwa sababu ya degedege. Juzi aliwekewa kifaa kidogo sikioni, tukaambiwa masikio yote mawili yamefaulu. Jana daktari akasema atapimwa usikivu tena kwa kubandikwa waya kichwani, kisha apimwe mguso kwa kusisimua neva ya mkononi. Je, kipimo cha kwanza hakiaminiki? Na mtoto aliyelala, tena mwenye dawa mwilini, atapimwaje hisi wakati hata tukimwita hageuki?

Mpima Usikivu alijibu:
Pole sana, ndugu yangu. Kipimo cha kwanza kinaaminika kwa kile kilichopimwa, nacho ni koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio ambayo ikipokea sauti hurudisha mwangwi hafifu unaonaswa na kile kifaa. Baada ya hapo sauti ina safari ndefu kupitia neva na shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, na safari hiyo bado haijachunguzwa. Kwa watoto waliokosa oksijeni, au ambao bilirubini yao (kemikali ya damu inayoleta manjano) ilipanda mno, koklea huweza kuwa nzima huku neva ikipeleka ujumbe uliovurugika. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2007 ulielekeza kwamba mtoto aliyekaa katika uangalizi maalumu zaidi ya siku 5 apimwe kwa njia ya waya.

Mtoto husikilizishwa milio mifupi mara maelfu, na elektrodi, yaani ncha za zile waya zilizobandikwa kwenye ngozi, hunasa umeme wa ubongo. Jibu la mlio mmoja halifiki mikrovolti 1, nalo limezama ndani ya umeme mwingine ulio mkubwa kuliko hilo. Kompyuta hutafuta wastani wa majibu yote, mpaka yasiyohusiana na mlio yafifie na mawimbi ya shina la ubongo, ambayo hutokea ndani ya takriban milisekunde 10, yajitokeze. Usingizi hapa ni msaada, kwa sababu misuli ikitulia picha huwa safi. Kutogeuka kwake, basi, si ushahidi kwamba hasikii.

Daktari wa Wachanga alijibu:
Naongeza kuhusu mguso. Neva husisimuliwa kwa umeme mdogo kwenye kifundo cha mkono, na jibu hutafutwa kichwani upande wa pili, juu ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kwa hiyo kipimo hiki hufika mbali zaidi kuliko kile cha shina la ubongo. Mwili uliopozwa huchelewesha majibu, hivyo ulizeni kama mtoto alikuwa amerudi kwenye joto la kawaida alipopimwa, na ni dawa gani zilizokuwa mwilini. Kwa njiti ni lazima pia kuhesabu wiki za umri wa mimba, kwa kuwa neva zisizokomaa hupeleka ujumbe polepole hata zikiwa nzima.

Jibu la mguso likikosekana pande zote mbili, na likaendelea kukosekana kipimo kinaporudiwa, tunakuwa na wasiwasi mkubwa, na sitakuficha hilo. Hata hivyo hatutoi hukumu kwa kipimo kimoja. Tunakisoma pamoja na mwenendo wa umeme wa ubongo, picha ya MRI na uchunguzi wa mtoto mwenyewe kitandani.

Mama Njiti alijibu:
Wangu alipimwa kwa waya mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa akijinyonganyonga na elektrodi moja ikabanduka. Nililia siku hiyo nikidhani ameshindwa, kumbe hakuna kilichosomeka. Ukiambiwa hakufaulu, uliza kwanza kama rekodi yenyewe ilikuwa safi. Hakuumia, ila ngozi ilibaki nyekundu kidogo pale walipoisafisha.

Baba wa Kwanza aliandika:
Nashukuru sana, nyote. Joto lake lilirejea kawaida siku ya 4, lakini kuhusu kiwango cha dawa sikuwahi kuuliza. Nitauliza kesho asubuhi kabla hawajambandika waya, na mama yake atambeba ili alale.