Mrejesho: jina la utani na ngao yangu ya SCA

Wakuu, niliomba ushauri wa jina la kuchekesha la SCA, ile jumuiya ya kuigiza Ulaya ya Zama za Kati iliyoanzia Berkeley, Marekani, mwaka 1966. "Sir Ugali" limekufa: "Sir" huko ni ya waliotunukiwa cheo cha ushujaa (knight) tu.

Nimechukua Thomas Drinkwater. Jina la ukoo la Kiingereza la kale kabisa, maana yake mnywa maji, na kambini mimi ndiye mlinzi wa pipa la bia. Ngao, yaani nembo yangu, inaendeleza utani wa jina: vikombe vitatu vya njano juu ya bluu. Hata wafalme walicheza hivyo. Huko Hispania, Castile, jina linalotokana na ngome, walichora ngome; León, ambalo kwa Kihispania ni simba, walichora simba.

Mwanzoni nilitaka vikombe vyekundu. Mtaalamu wetu wa ngao akatundika michoro miwili uzioni, akanirudisha nyuma hadi kwenye magari. Vyekundu vikamezwa na bluu, vya njano vikawaka. Kanuni ni hiyo: rangi nzito haikai juu ya nzito mwenzake, sharti dhahabu au fedha iingie, yaani njano au nyeupe.

Fomu ya kusajili jina na ngao imeshatumwa, majibu huchukua miezi. Shemeji yenu anasema vikombe vyenyewe ni vya kahawa ya kijiweni. Sibadilishi.